Mkalimani na Meno ya Mama Pacha

Kwa miaka thelathini na miwili mzee huyu alisimama mahakamani kati ya hakimu na watu, akisema maneno yasiyo yake. Mshtakiwa akikiri kwa lugha ya kwao kwamba aliiba mbuzi, yeye humgeukia hakimu na kusema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mimi niliiba mbuzi." Siku moja mgeni aliyekaa benchi la nyuma alimnong'oneza jirani yake kwamba dunia imeharibika, siku hizi hata wezi wa mbuzi wanavaa tai.

Ndiyo kanuni ya ukalimani. Unasema "mimi" kwa niaba ya mtu mwingine. Huongezi, hupunguzi, hutii chumvi. Mtu akimtukana hakimu, unamtukana hakimu, kisha unakunywa maji unaendelea. Alistaafu bila doa hata moja kwenye faili lake, na mtaa mzima ukaendelea kumwita Mkalimani, isipokuwa mkewe. Mkewe alimwita Baba Pacha, kwa ajili ya mapacha wao waliokwisha kuwa watu wazima wenye matatizo yao pacha huko mbali walikohamia.

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, dirisha likitazama barabara, na ndani yake mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu, na pasi nzito ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa ila yeye. Alizoea kupima watu huku pini zimebanwa midomoni, na wateja wake walizoea kugombezwa kupitia pini hizo kwa kunenepa kati ya kipimo na kipimo. Mkasi ulikuwepo, lakini uzi aliukata kwa meno. Miaka arobaini ya uzi ilikuwa imechimba kijipengo kwenye meno yake mawili ya mbele, kidogo na laini, kama kimepigwa tupa.

Mambo yalianza na damu. Alipopiga mswaki asubuhi, povu lilitoka na rangi ya waridi. Hakumwambia mtu. Alianza kupiga mswaki taratibu, halafu mara moja moja, halafu akaacha kabisa upande ule unaouma, akasukutua maji tu. Meno yakaonekana marefu. Siku moja alipouma mkate laini, ule usio na ganda, jino moja lilibaki ndani ya mkate. Alilitoa, akalitazama, akalitia kwenye kopo la vifungo.

"Lilikuwa limefika umri wake," mumewe alisema bila kuinua macho kwenye gazeti. "Uzee ndivyo ulivyo. Nywele zinaondoka, meno yanaondoka, watoto wanaondoka."

Mama Pacha alirudi kwenye cherehani. Lakini mwezi uliofuata shavu lake la kushoto lilivimba hadi jicho likafunga, akampima mama wa bwana harusi mtarajiwa huku amejifunga kitambaa kichwani kama mtu aliyeanguka mtini. Mteja alimwambia wazi kwamba hawezi kuvaa gauni lililopimwa na mgonjwa. Hapo ndipo alipokubali kwenda kwa daktari wa meno.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono midogo na sauti ya upole, lakini kioo chake cha kuchungulia kinywani hakikuwa na upole wowote. Alizunguka nacho jino kwa jino, akimtajia msaidizi wake namba, na kila namba ilipotajwa Mama Pacha aliona kama anasomewa matokeo ya mtihani alioshindwa.

"Mama, unatumia dawa gani?"

"Za presha. Mwaka wa tisa huu."

"Zinakukausha mdomo?"

"Naamka ulimi umegandamana na kaakaa."

Daktari alivuta kiti karibu. Alimweleza kwamba mate ndiyo mlinzi wa kinywa, na baadhi ya dawa za presha huyapunguza. Mlinzi akiondoka, uchafu unajijenga chini ya fizi, fizi zinaoza, mfupa unaliwa, na jino zima lisilo na tundu hata moja linabaki bila pa kushikilia. Ya chini yangeweza kuokolewa kwa kusafishwa. Ya juu, yale manane yaliyobaki, yalikuwa yameshakwenda.

"Si uzee?" Mama Pacha aliuliza.

"Nina wagonjwa wa miaka themanini wanaokula kwa meno yao. Uzee peke yake haung'oi jino. Nani alikwambia ni uzee?"

Mama Pacha aligeuza kichwa polepole kumtazama mumewe aliyekaa kwenye kona, kofia magotini. Mkalimani akaitazama kofia.

Daktari alisema atayang'oa kwa awamu mbili. Baada ya hapo fizi zingehitaji kama miezi mitatu kupona na kujikusanya, ndipo angemtengenezea meno ya bandia ya juu. "Nendeni hapo dirishani kwanza mkaulize bima," alisema. "Nyinyi ni wastaafu, mna kadi."

Dirishani alikaa karani wa bima, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo. Aliingiza namba ya kadi kwenye kompyuta, akasoma, akasoma tena.

"Kung'oa tunalipa," alisema. "Meno ya bandia hatulipi."

"Yaani mnalipa kubomoa, hamlipi kujenga?" Mama Pacha aliuliza.

"Kung'oa ni dharura, mama yangu. Kurudisha ni chaguo. Baba alipostaafu, kila mmoja wenu alichagua fungu moja: macho au meno. Nyote wawili mlichagua macho."

"Mimi nilichagua macho?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mimi natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Macho ya nini?"

Karani aliinua mabega. Mama Pacha aligeuka kumtafuta mumewe. Mkalimani alikuwa ameshafika mlangoni, akisoma kwa makini sana tangazo la jinsi ya kunawa mikono.

Ukweli ni huu. Miaka saba nyuma, wiki yake ya mwisho kazini, aliletewa fomu ya bima ya wastaafu na kuambiwa irudi kabla ya saa sita mchana. Ilikuwa na safu mbili, macho na meno, na kila mtu achague moja tu. Yeye macho yalikuwa yanamsumbua, akatia tiki kwenye macho. Alipofika kwenye sehemu ya mwenzi, alikumbuka kwamba juzi yake tu alimwona mkewe akifungua chupa ya soda kwa magego, akakitema kile kizibo kwenye jalala kutoka umbali wa hatua nne. Meno kama yale, aliwaza, hayahitaji bima, yatatuzika sote. Akatia tiki kwenye macho. Chini palihitajika sahihi ya mwenzi. Mkewe siku hiyo alikuwa amekwenda upande wa pili wa mji kumjaribisha mteja gauni. Mkalimani alijizoeza mara moja juu ya bahasha, kisha akaweka sahihi ya mkewe. Saa tano na nusu fomu ilikuwa imerudi, na saa sita alikuwa ameshaisahau.

Pale mlangoni alikuwa na nafasi nzuri ya kusema. Angesema, "Mama Pacha, ni mimi." Maneno manne tu. Badala yake alijisikia akisema, "Hawa wamekosea. Unazijua ofisi hizi. Wanabonyeza bonyeza tu."

Alidhani mkewe atasonya, watarudi nyumbani, yaishe. Hakumkumbuka vizuri mtu aliyemwoa. Mama Pacha alirudi dirishani palepale, akaomba karatasi ya malalamiko, akaijaza kwa kusimama.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Manane yalitoka, manne kwanza, manne baadaye, na Mama Pacha akaishi kwa uji, supu na hasira. Mkalimani alimhudumia kwa bidii iliyopita kiasi. Alimpikia, alimkorogea maji ya chumvi ya kusukutua, alimfagilia chumba cha kazi, hata akathubutu kushika pasi.

"Una nini wewe?" mkewe alimuuliza siku moja, na maneno yakatoka yameloa, maana ulimi ulikuwa unatafuta meno ya kuegemea na hauyaoni. Katika mtaa mzima hakuna aliyeweza kumwelewa ila mumewe. Wateja walikuwa wanaleta kitambaa, wanasikiliza, wanatabasamu, wanaondoka bila kujua kama gauni litakuwa tayari Jumanne au Jumamosi.

"Nakuhurumia tu," Mkalimani alisema.

"Basi nionee huruma kimya kimya. Unanitia wasiwasi."

Alijaribu kumshawishi waachane na malalamiko. Alisema kamati za bima zinachelewa. Barua ikaja ndani ya siku kumi. Alisema siku ya kikao itakuwa mvua. Ikawa jua. Asubuhi ile alisema anahisi kizunguzungu, na mkewe akampa glasi ya maji na kumkalisha kitini, akavaa gauni lake la kitenge alilolishona mwenyewe, akarudi akamkuta bado amekaa. "Kizunguzungu kimekwisha," alimwambia, si kwa kuuliza.

Kamati ilikaa kwenye chumba kirefu cha ghorofa ya pili, chenye feni iliyokuwa ikilalama kila ilipofika upande wa kulia. Mwenyekiti alikuwa mwanamume mnene mwenye subira. Kushoto kwake alikaa mwanasheria, mwanamke mwembamba aliyepanga kalamu tatu mbele yake kwa mstari. Kulia alikaa karani yuleyule wa dirishani, safari hii akiandika kumbukumbu za kikao.

"Karibu, mama," mwenyekiti alisema. "Tueleze kwa maneno yako mwenyewe."

Mama Pacha alisimama, akashika ukingo wa meza. "Mimi ni hundi," alisema.

Karani aliandika. Mwenyekiti aliegemea mbele. "Hundi ya nani, mama? Hapa tunashughulikia matibabu. Hundi ni ghorofa ya chini."

"Hundi wa cherehani. Miaka arobaini nimeshika shindano, nakata uji kwa meno."

Wanakamati walitazamana.

"Shindano gani?" mwanasheria aliuliza.

"Na uji," mwenyekiti alisema kwa uangalifu, kama mtu asiyetaka kumuudhi mgonjwa, "sidhani kama unakatwa, mama. Tena sidhani kama unahitaji meno. Labda hapo ndipo tungeweza kuelewana."

Mama Pacha alieleza upya, kwa kasi zaidi, na kadiri alivyopandisha hasira ndivyo maneno yalivyozidi kumwagika bila kingo. Karani aliacha kuandika. Mwishowe mwenyekiti aliinua mkono, akauliza kama yuko mtu anayeweza kumfahamu mama huyu.

Mama Pacha alimnyooshea mumewe kidole.

"Huyo ni nani?"

Mkalimani alisimama taratibu. "Nilikuwa mkalimani wa mahakama," alisema. Hakuona sababu ya kusema zaidi kwa wakati ule.

Uso wa mwenyekiti ulikunjuka. "Basi Mungu ametuletea. Njoo usimame hapa."

"Kwa ajili ya kumbukumbu," karani alisema, kalamu ikiwa tayari, "anatafsiri kutoka lugha gani kwenda lugha gani?"

Mkalimani alifikiri. "Kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili."

Karani aliandika hivyohivyo.

"Kanuni unazijua," mwanasheria alisema. "Huongezi, hupunguzi."

"Siongezi, sipunguzi," Mkalimani alisema. Alikuwa ameyasema maneno hayo maelfu ya mara maishani. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuyasema huku akiitazama sakafu.

Mwanzo ulikwenda vizuri, hata akaanza kufurahia. Mgongo ulinyooka wenyewe, mikono ikarudi nyuma kama zamani. "Mimi ni fundi cherehani," alisema kwa sauti yake nzito, na mwenyekiti akavitazama vidole vinene vya mzee huyo kwa mshangao kidogo. "Miaka arobaini nimeshika sindano, nakata uzi kwa meno. Nabana pini midomoni nikipima watu. Sasa pini zinaanguka. Wateja hawanielewi, wanakwenda kwa fundi mwingine ambaye hajui hata kutia mkono kwenye gauni. Sili nyama, sili tunda gumu, sicheki mbele za watu. Mnasema nilichagua macho. Macho yangu hayana shida. Katika miaka saba sijawadai hata lenzi moja ya miwani. Mtu gani mwenye akili achague alicho nacho na kuacha anachokipoteza?"

"Hoja nzuri," mwenyekiti alimwambia Mkalimani.

"Si yangu," Mkalimani alisema.

Mwanasheria alifungua jalada, akatoa fomu ya miaka saba iliyopita na kuisukuma juu ya meza. "Mama aitazame. Sehemu ya mwenzi imejazwa, na chini kuna sahihi yake."

Mama Pacha aliichukua, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Feni ilikwenda kulia, ikalalama, ikarudi. Alipofungua kinywa alisema polepole, akilitengeneza kila neno, lakini hata hivyo hakuna aliyelielewa isipokuwa mtu mmoja.

Mkalimani alielewa. Alisimama pale na maneno yote mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alitafuta mengine. Yalikuwepo. Angeweza kusema, "Hili ni kosa la ofisi." Angeweza kusema, "Sikumbuki." Katika chumba kile nani angejua? Mkewe peke yake, na yeye hata akipinga nani angemwelewa? Alimtazama. Mama Pacha alikuwa anamtazama pia, bila kukunja uso, kama anavyomtazama mteja aliyesimama juu ya kigoda na kuambiwa asitikisike.

Mkalimani aliigeukia meza.

"Hii si sahihi yangu," alisema. "Mimi naandika kwa mkono wa kushoto, jina langu linalala. Hili limesimama wima kama askari wa zamu. Huu ni mwandiko wa mume wangu. Naujua, maana amekuwa akiniandikia orodha ya sokoni kwa miaka arobaini na moja, na bado anakosea vitunguu."

"Mume wako," mwenyekiti alisema, sasa akiongea na Mama Pacha moja kwa moja, "ni nani?"

Mama Pacha alijibu kwa ufupi.

"Mume wangu," Mkalimani alisema, "ni huyu mkalimani."

Karani aliinua kalamu. "Samahani, mwenyekiti. Hapa niandike nani amesema?"

"Andika kama ilivyosemwa."

"Kilichosemwa ni kwamba mume wangu ni mimi."

Mama Pacha alisema kitu kingine. "Mwulizeni kwa nini," Mkalimani alitafsiri.

"Haya," mwenyekiti alisema. "Tunakuuliza wewe mzee. Kwa nini?"

Mkalimani aliomba ruhusa ya kusogea. Sheria haikumruhusu kusema maneno yake mwenyewe akiwa amesimama mahali pa mtafsiri, na hakutaka kuivunja siku ya leo. Alipiga hatua mbili kushoto. Pale, akiwa mtu wa kawaida, alieleza habari za saa sita mchana, za mteja wa upande wa pili wa mji, na za chupa ya soda. Aliposema kizibo kilifika jalalani kutoka hatua nne, mwanasheria aliinamisha kichwa na mabega yake yakatikisika kidogo.

"Na ulipokuja dirishani ukajua?" mwenyekiti aliuliza.

"Nilijua. Nikasema ni ofisi."

Karani alimtazama kwa juu ya miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mama Pacha alizungumza tena, sentensi ndefu. Mkalimani alirudi hatua mbili kulia, akajifuta jasho kwenye paji la uso. "Nataka iandikwe," alisema, "kwamba mume wangu ni mjinga lakini si mwizi. Alifikiri meno yangu ni chuma. Na mimi nilimwacha afikiri hivyo, maana nilipoanza kutoka damu nilificha mwaka mzima. Hilo nalo liandikwe. Lakini la sahihi hilo, nitalimaliza mwenyewe nyumbani."

"Hilo la mwisho niandike?" karani aliuliza.

"Hilo liache," mwenyekiti alisema.

Mwanasheria alinong'ona na mwenyekiti. Kalamu moja kati ya zile tatu ilipigapiga juu ya fomu. Halafu akasema kwamba jambo ni jepesi kuliko lilivyoonekana. Kama sahihi si ya mama, basi mama hajawahi kuchagua. Sehemu yake ya fomu ni batili, na asiyechagua bado ana haki ya kuchagua. Atajaza upya leo hii, na bima itaanza kulipia baada ya miezi mitatu ya kungoja.

"Fizi zenyewe zinahitaji miezi mitatu," Mkalimani alisema, kisha akakumbuka amesimama upande gani, akasogea kushoto.

Yeye mwenyewe alipewa onyo la maandishi. Sehemu yake haikuguswa, akabaki na macho yake. Karani alileta fomu mpya, na Mama Pacha akaijaza kwa mkono wa kushoto, bila haraka, akaweka sahihi iliyolala vizuri, akaupuliza wino ingawa ilikuwa kalamu ya wino unaokauka papo hapo.

Walitembea kurudi nyumbani bila kusemezana. Walipita kwenye duka la vitambaa, na Mama Pacha hakusimama, jambo ambalo mumewe hakuwahi kuliona. Walipofika kwenye kona ya mwisho ndipo Mkalimani aliposhindwa.

"Nisamehe, mke wangu. Kwa sahihi, na kwa ule uongo wa mlangoni. Ule wa mlangoni ndio unaonikera zaidi."

Mama Pacha alitembea hatua kadhaa. "Nilikuona mle ndani," alisema kwa lugha yake ile iliyoloa. "Ulikuwa unatafuta neno jingine."

"Nilitafuta."

"Hukulipata?"

"Nilipata matatu. Hakuna lililokuwa lako."

Mkewe alisonya, lakini sonyo bila meno ya juu inatoka kama upepo kwenye tairi, na wote wawili waliisikia ikitoka hivyo. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, mkono mdomoni, halafu mumewe, hadi mwuza magazeti wa pale kwenye kona akawauliza kama kuna habari njema. Hata hivyo jioni ile Mkalimani alikula peke yake chakula alichojipikia, na kwa wiki mbili zilizofuata orodha ya sokoni aliandika Mama Pacha.

Meno yalikuja mwezi wa nne baada ya kikao, ndani ya kisanduku cha plastiki, meupe na sawasawa kama shanga. Daktari alimvalisha mbele ya kioo. Mama Pacha alijitazama muda mrefu, akasema, "Huyu ni nani?" na hayo yakawa maneno ya kwanza kila mtu chumbani kuyaelewa.

Lakini asidhani mtu kwamba shida iliishia pale. Wiki ya kwanza yalimchubua. Alikuwa anajaa mate kama mtoto anayeota meno, akashikwa na kichefuchefu kila alipopiga mwayo, na alipotamka neno lenye "s" kilisikika kimluzi chembamba kilichomwita mbwa wa jirani. Siku ya tano aliyavua, akayafungia kabatini, akatangaza kwamba bima irudishiwe mali yake. Mkalimani hakubishana. Alimsindikiza kwa daktari, ambaye alichonga mahali palipokuwa panachubua, na kumpa kazi ya kusoma kwa sauti nusu saa kila siku. Akasoma matangazo ya gazeti, moja baada ya jingine, nyumba za kupanga, magari yaliyotumika, waliofiwa, huku mumewe amekaa pembeni akisikiliza na kurekebisha matamshi kama zamani alivyowarekebisha wakalimani wachanga. Mwisho wa mwezi mluzi uliisha. Mbwa aliendelea kuja kwa wiki nyingine mbili kwa mazoea.

Siku ileile ya kuchonga, daktari alimwomba Mkalimani naye akae kwenye kiti, amchungulie kidogo tu, bure. Mzee alisema yeye ni mtu wa macho. Mkewe na daktari walimtazama kwa pamoja, akakaa. Alikuwa na matundu mawili na fizi zilizoanza kuvimba, na aliposafishwa alishika mikono ya kiti kama mtu anayeshuka kwenye ndege. Alilipa mwenyewe, kutoka mfukoni mwake, akiwa na kadi nzuri ya bima ya macho.

Habari za kikao kile zilitoka nje, kama zinavyotoka. Pengine karani alisimulia. Wastaafu wa mtaa walianza kuja barazani kwa Mkalimani na fomu zao ndani ya mifuko ya plastiki, fomu za miaka mitano, za miaka kumi, ambazo hawakuwahi kuzisoma upande wa nyuma. Mkalimani aliweka meza ndogo na viti vitatu. Alisoma kila kifungu kwa sauti, akikitoa kwenye lugha ya ofisi na kukiingiza kwenye lugha ya watu: hapa wanasema kusafisha meno mara mbili kwa mwaka unalipiwa, na wewe hujawahi kwenda, hapa wanasema meno ya bandia yanabadilishwa kila baada ya miaka mitano, na ya kwako yana miaka kumi na mbili, ndiyo maana yanakutoka ukipiga chafya.

Alikuwa na sharti moja. Mwenye mwenzi aje na mwenzi.

Juma lililopita alifika dereva mstaafu, mtu wa kelele na haraka, akatandaza fomu mezani. Alisema ana dakika kumi tu, mkewe yuko nyumbani na kazi nyingi, wajaze sehemu zote mbili sasa hivi, yeye anajua mkewe anataka nini.

Mkalimani alifungua kinywa kujibu, lakini sauti ilitoka dirishani, juu ya mngurumo wa cherehani, imenyooka, kila herufi mahali pake.

"Anataka nini?"

Dereva aligeuka. "Shemeji, salama? Anataka... macho, nafikiri. Au meno." Alikuna kidevu. "Kwa kweli sijamuuliza."

Cherehani ilisimama. Dereva aliikunja fomu yake, akairudisha mfukoni, akasema anaishi karibu tu, atarudi naye sasa hivi. Walimwona akivuka barabara kwa hatua fupi fupi, akifikiria jinsi atakavyoanza. Mkalimani alivuta kiti cha nne kutoka ndani, akakipangusa vumbi, akakiweka kando ya kile cha tatu.